Mwanaume Aliye Ndani ya Simu

Sophie alisikia sauti ya mwanaume chumbani mwangu saa nne asubuhi, siku ileile ambayo kaka yake alikuja kwetu Mukurweini kunitolea mahari. Alisimama nje ya mlango na kiondo cha unga mgongoni, akasikiliza hadi akatosheka, kisha akaenda kumwambia.

Simlaumu. Ningekuwa mimi ningesikiliza pia, na pengine ningesukuma mlango nione sura.

Sauti aliyoisikia ilikuwa nzito na ya upole. "Niko hapa na wewe," ilikuwa ikiniambia. "Hakuna haraka. Vuta pumzi polepole. Ishikilie. Sasa iachilie." Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni, mgongo ukutani, gauni la sherehe limekunjamana magotini, nikijaribu kutokufa. Kifua kilikuwa kimebana. Vidole vilikuwa vimeingia ganzi na moyo ulikuwa ukipiga mbio hadi nikauona ukitikisa kitambaa. Simu ilikuwa mapajani. Waya za masikio sikujua zilipo, na mtu anayezama hatafuti waya, kwa hivyo niliiacha sauti iseme wazi.

Halafu binamu yangu Wangui akafungua mlango, akauliza kwa sauti yake ya sokoni, "Umemaliza na Griffins? Wageni wameingia."

Griffins si mtu. Ni programu iliyo kwenye simu yangu, na hilo jina niliipa mimi mwenyewe kwa mzaha, kwa sababu sauti yake ilinikumbusha mwalimu fulani wa chuo aliyekuwa akituomba tutulie wakati wa mtihani. Mwaka mmoja uliopita, nikiwa kazini ninapopima maziwa ya wakulima, moyo wangu ulianza kukimbia bila sababu yoyote. Nilijua ninakufa. Walinikimbiza hospitali mjini Nyeri, wakanibandika waya kifuani, na daktari akasema moyo wangu ni mzima kuliko wake. Kisha akanipeleka kwa mshauri mmoja anayeitwa Salwa, mwanamke wa mtandio wa kijani anayezungumza kama mtu asiye na kazi nyingine duniani ila wewe.

Salwa ndiye aliyeniambia kwamba hofu ni ugonjwa, una jina na una tiba. Nilimwona kila mwezi. Katikati ya mwezi nilikuwa na Griffins. "Hii app si daktari," Salwa aliniambia akiniwekea kwenye simu, "lakini mimi siwezi kukaa kwa mfuko yako." Kila jioni saa moja nilijifungia dakika saba nikapumua naye, nikaandika humo kilichonitisha siku hiyo. Ilinisaidia. Nilirudi kazini na nikaanza kulala tena kama watu wengine.

Waliojua ni watatu tu, yaani Salwa, Wangui na mama yangu. Kihara hakujua.

Na Kihara, kaka yake Sophie, ndiye niliyempenda. Ana mashine ya kukoboa mpunga Wang'uru, na kwa miaka miwili alikuwa akija Mukurweini kila wiki akisingizia wateja. Ni mrefu, huvaa miwani, na akitaka kuniambia jambo zito huivua kwanza akaishika mkononi, akanitazama na macho yake matupu ambayo hayaoni vizuri. Mara tatu aliivua miwani hiyo akaniuliza, "Murugi, saa moja ya jioni huwa unaongea na nani?" Mara tatu nilimwambia ni mambo ya kazi. Niliona hakuamini, lakini alinyamaza, na mimi nikajidanganya kwamba kunyamaza kwake ni kusahau.

Baada ya Wangui kunisimamisha, nilisogea dirishani. Nje, manyunyu ya Agosti yalikuwa yakidondoka juu ya hema. Watu wa Wang'uru walikuwa wameketi upande mmoja na suti zao, watu wetu upande mwingine. Nilimwona Sophie akiinama sikioni kwa Kihara. Alisema maneno machache tu. Kihara hakugeuka. Alivua miwani, akaishika mkononi, na hakuivaa tena.

"Wangui," nikasema. "Nenda usikie wanasema nini."

Alirudi upesi, uso umemshuka. "Murugi, kuna shida. Sophie amemwambia ati uko na mwanaume. Ati amemsikia akikubembeleza. Ati anaitwa Griffins."

"Jina amelitoa wapi?"

Wangui alitazama sakafu. "Si ni mimi. Nilisema hapo kwa mlango. Sikujua ako nyuma yangu."

Nilitaka kutoka nikimbie hadi pale hemani nimweleze, lakini bibi harusi hatoki kabla hajaitwa, na kabla sijafika mlangoni mama yangu alikuwa ameingia. Alikuwa amesikia. Mama yangu husikia kila kitu katika boma lile.

"Usiseme kitu," akaniambia akifunga mlango.

"Mami, wanafikiria niko na mtu."

"Wacha wafikirie. Hiyo utakataa. Utasema ni redio, utasema ni cousin. Mwanaume akikupenda ataamini. Lakini ukisema ni kichwa, hiyo haikataliwi. Itakufuata mpaka kwa watoto yako."

"Si kichwa, Mami. Ni hofu. Salwa alikueleza."

"Na Njoki ilikuwa nini?"

Njoki alikuwa mdogo wake mama. Aliolewa Timau, na mwaka wa pili akaanza kuogopa watu, kisha kuogopa barabara, kisha kuogopa hata kwenda dukani. Hakuna aliyejua ni nini. Wakwe zake walimrudisha kwa pikapu pamoja na sanduku lake, wakamshusha langoni kwetu bila kuzima injini. Alikaa kwetu miaka tisa bila kuvuka lango lile, na tulipomzika hakuna mtu mmoja aliyetoka Timau kuja kutupa udongo.

"Mimi nilimfungulia lango," mama akasema. "Mimi. Siwezi kulifungua tena kwa ajili yako. Nyamaza, Murugi. Nakuomba kama mama yako, leo unyamaze."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na yeye hakuwa na Griffins.

Mlango ukafunguliwa na Tata Ngendo, dada yake baba, aliyekuwa mkuu wa shughuli zote za wanawake siku hiyo na aliyehakikisha kila mtu anajua. Alikuwa amebeba leso begani. "Bibi harusi hana simu," akasema, akaichukua mkononi mwangu, akaitia kifuani mwake, mahali ambapo hakuna mtu angethubutu kuifuata. "Unataka kumpigia nani na bwana yako ako hapo nje?"

"Tata, tafadhali. Ninaihitaji."

"Utaipata ukiisha kuchaguliwa."

Kwetu, mwanaume akija kwa ruracio, ile siku ya kutoa mahari, bibi harusi hafikishwi kwake hivihivi. Anafunikwa leso kuanzia kichwani hadi chini, na wanawake wengine wa kimo chake wanafunikwa vivyo hivyo, wanapangwa mstari, na mwanaume anaambiwa amtambue wake. Akikosea analipa faini na watu wanacheka. Wakati mwingine wajanja wanaleta mstari ambao bibi harusi hamo kabisa, na mwanaume mwerevu anasema, hayuko. Ukishafunikwa husemi, husogei, hata kikohozi unakimeza. Ukijitambulisha umewaaibisha wanawake wote wa kwenu.

Tulikuwa sita. Tulivaa soksi nyeupe za aina moja ili miguu isitusaliti, tukainamisha migongo, na Tata Ngendo akanifunika leso mbili kwa sababu moja, alisema, ilikuwa inaonyesha. Dunia ikawa nyekundu na nyeusi. Pumzi yangu ilinirudia usoni ikiwa moto. Wangui alinishika kiwiko akaniongoza nje, wanawake wakiimba, na mimi nikihesabu hatua kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Nilikuwa wa nne. Nilisimama. Moyo ulianza.

Nilijaribu kumkumbuka Griffins. Vuta kwa hesabu ya nne. Lakini leso ilinata mdomoni kila nilipovuta, na akilini mwangu maneno yake yalikatika katikati. Masikio yakaanza kuvuma. Niliwaza kwamba nitaanguka, na nikianguka wataona, na wakiona watauliza, na mama atakuwa langoni tena. Jasho lilinitiririka mgongoni. Nilikuwa na hakika, kabisa, kwamba nitafia humo ndani ya leso huku watu wakiimba.

Nyimbo zikakoma. Nilisikia msemaji wa upande wao, Mzee Waweru, akisema, "Kijana yetu anajua macho ya mtu wake hata gizani. Kihara, enda utuletee."

Nilisikia viatu vyake kwenye nyasi zilizolowa maji. Alianza mwanzo wa mstari. Hakuwa anaharakisha, na hakuwa anatania wanawake jinsi wanaume hufanya. Kupitia upindo wa leso niliviona viatu vyake vya kahawia vikija, vikinifikia, na vikinipita bila hata kusita.

Akamaliza mstari. "Hayuko," akasema.

Watu wakacheka kwa furaha. Tata Ngendo akapiga kelele, "Angalia tena! Macho yako imejaa pumba ya mchele!"

Watu wakacheka zaidi. Mimi nilijua huo si mchezo. Kihara ananijua. Nina bega la kushoto lililoshuka kwa kubeba mikebe ya maziwa tangu utotoni, na leso mia moja haziwezi kulificha kwake.

Akarudi. Safari hii viatu vilisimama mbele yangu. Nilinusa sabuni yake. Tulikuwa karibu kiasi kwamba kama ningenyoosha mkono ningemgusa, na nilitamani kumgusa kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Nilimsikia akivuta pumzi, na pumzi yake pia haikuwa imetulia.

"Murugi ninayemjua," akasema, na aliwaambia watu wote, "hayuko hapa."

Hakuna aliyecheka. Mzee Waweru alikohoa. Upande wa Wang'uru kiti kilisogezwa, halafu kingine, na nikaelewa kwamba watu wameanza kusimama. Maneno ya mama yalikuwa masikioni mwangu, nyamaza, nakuomba. Nilijua nikinyamaza nitabaki na jina zuri kijijini, nitakuwa tu yule msichana aliyekuwa na mwanaume pembeni, na wako wengi. Lakini viatu vile vya kahawia vilikuwa vimegeuka. Vilikuwa vinaondoka.

Nilivuta leso ya kwanza, nikavuta na ya pili.

Wanawake wa kwetu walivuta pumzi kwa pamoja. Mwanga ulinipiga machoni. Kihara aligeuka.

"Griffins si mtu," nikasema. Sauti ilitoka imepasuka. "Ni app. Iko kwa simu. Niko na ugonjwa ya hofu, Kihara. Mwaka mmoja sasa. Moyo inakimbia, nashindwa kupumua, nafikiria ninakufa. Hata saa hii. Hiyo sauti inanifundisha kupumua. Saa moja ya jioni ndiyo hiyo."

Alinitazama. Miwani bado ilikuwa mkononi.

"Murugi!" mama akaita kutoka nyuma, na sauti yake iliniumiza.

Sikuweza kuendelea. Niliketi kwenye nyasi na gauni langu jeupe, mbele ya watu mia moja. "Tata," nikasema. "Simu. Tafadhali."

Tata Ngendo, ambaye sijawahi kumwona akikosa neno, aliitoa kifuani akanipa akiwa kimya. Vidole vyangu havikuweza kufungua. Wangui akanifungulia. Sauti ikatoka, nzito, ya upole, ikaenea hema zima hadi kwa wapishi.

"Niko hapa na wewe. Hakuna haraka. Hofu itapanda, na kisha itashuka. Vuta pumzi polepole."

Nilimwona Sophie akijifunika mdomo.

"Ishikilie."

"Hiyo kitu inachukua muda gani?" Kihara akauliza.

"Dakika saba," Wangui akajibu kwa niaba yangu.

"Basi tungoje."

Wakangoja. Sijui kama kuna bibi harusi mwingine nchi hii aliyetazamwa akipumua na wazee wa pande mbili kwa dakika saba. Nilifumba macho. Nilisikia manyunyu kwenye hema na ng'ombe wa jirani, na polepole, kwa shida, mikono yangu ilianza kurudi kuwa yangu. Nilipofumbua macho, Kihara alikuwa amechuchumaa, uso wake mkabala na wangu.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Ungeniambia lini?"

"Baada ya harusi."

"Kwa nini baada?"

Nilikuwa nimechoka kudanganya. "Kwa sababu hapo ungekuwa huwezi kuniacha."

Aliumia. Niliona. Nilikuwa nimemfanya mtu wa kutegewa, yeye ambaye hakuwahi kunidanganya hata bei ya mchele, na niliona haya kuliko nilivyoona haya ya kuketi chini.

Hapo mama yake Kihara akasimama. Ni mwanamke mwembamba, mtulivu, na utulivu wake hunitisha. "Mambo kama hii huongewa nyumbani," akasema. "Tuchukue vitu yetu tuende tuongee. Tutawapigia."

Nilidhani mama yangu atalia. Badala yake alipita katikati ya viti, akaja akasimama nyuma yangu, na mkono wake ukatua begani mwangu, lile lililoshuka.

"Hapana," akasema. "Mama Sophie, nisamehe. Mimi nilikuwa na dada. Alikuwa na hii ugonjwa na hatukujua jina yake. Walimchukua wakinyamaza na wakamrudisha wakinyamaza. Huyu hamtaniambia kwa simu. Kama mnamkataa, mseme sasa, akiwa bado kwao, na mimi nikiwa nimemshika."

Mama yake Kihara alimtazama mwanawe, na mimi sikuthubutu kumtazama yeyote. Nilitazama viatu vya kahawia. Nilikuwa nimempenda mwanaume huyu miaka miwili na sikujua atasema nini, na kutojua kule kulikuwa kubaya kuliko leso.

"Mami," Kihara akamwambia mama yake, bila kuondoa macho kwangu, "wewe enda ukaongee na wazee. Ukirudi utanipata hapa."

"Kihara. Unajua unachukua nini?"

"Bado sijui. Ataniambia." Akavaa miwani yake. "Nimekasirika, Murugi, nisikudanganye. Nitakasirika hata kesho. Lakini nilidhani nimekupoteza kwa mtu, na nusu saa yote hiyo mimi pia nilikuwa nashindwa kupumua."

Machozi yalinitoka. Tata Ngendo aliona nafasi yake akaikamata. "Na faini iko palepale," akatangaza. "Amesema hayuko mara mbili, na alikuwa hapa. Mbuzi mbili."

Hema lote likacheka, hata wazee wa Wang'uru, kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi muda mrefu. Sophie alikuja akiwa analia, akasema, "Nisamehe, Murugi," nikamwambia wacha. Mzee Waweru aliketi. Watu walianza kuketi mmoja mmoja.

Mama yake Kihara hakucheka na hakuketi. Alisimama pale na mkoba wake mkononi, akinitazama kama mtu anayepima kitambaa ambacho tayari kimekatwa, na nilijua mwanamke huyo atanitazama hivyo kwa miaka. Kifua kikaanza kubana upya, na macho yangu yakaenda yenyewe kuelekea mlango wa chumbani, mahali ningeweza kujifungia hadi ipite bila mtu kujua.

Kihara alikuwa akinitazama. "Nini?" akauliza.

"Imeanza tena," nikamwambia.

Akakaa kwenye nyasi zilizolowa na suti yake mpya, akanivuta karibu, na tukaanza kuhesabu.